Kuhesabiwa na Kutohesabiwa: Usomaji wa Rekodi za Michezo kwa Mifano ya Migori na Homa Bay

Mnamo Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana chipukizi, wachezaji wawili kwa wawili, katika mashindano ya tenisi ya Wimbledon nchini Uingereza. Matokeo ya fainali yaliandikwa hivi: 3–6, 6–4, 11–9. Msomaji asiyeuelewa mchezo huu akijumlisha gemu za seti mbili za kwanza atashangaa. Washindi walipata gemu 9, ilhali wapinzani wao, Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada, walipata 10. Mahali pa seti ya tatu paliwekwa mchezo mfupi wa kuamua, ambapo anayetangulia kufikisha pointi 10, akiwa mbele kwa pointi 2, ndiye anayeshinda. Walipofikia 9–9 ikabidi waendelee, na Okutoyi na Nijkamp wakamaliza kwa 11–9. Ndivyo Mkenya wa kwanza alivyopata taji katika mashindano makuu manne ya tenisi duniani, akiwa na gemu chache kuliko aliowashinda.

Tarakimu hizo hazina kosa lolote. Kinachokosekana kwa msomaji ni kanuni iliyoziumba. Rekodi ya mchezaji au ya timu ni matini kama matini nyingine: ina mtunzi, ina kaida, ina kinachotajwa na kinachoachwa. Makala haya yananuia kueleza namna rekodi za michezo zinavyosomwa. Mifano mikuu imechotwa katika kaunti za Homa Bay na Migori, kusini magharibi mwa Kenya, ambako mchezo unaobishaniwa sokoni na kwenye magari ya abiria ni soka. Hata hivyo, inafaa kukaa kidogo kwenye tenisi kwanza, maadamu huko mchezaji yu peke yake na rekodi yake ni rahisi zaidi kuifumbua.

Rekodi ya mchezaji mmoja

Rekodi ya mchezaji wa kulipwa wa tenisi huwa na mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. La kwanza ni hesabu ya mechi alizoshinda na alizoshindwa tangu alipoanza. Hesabu hii hukua tu, haipungui kamwe. La pili ni nafasi yake katika orodha ya ubora duniani, nayo hupanda na kushuka. Paul Wekesa, Mkenya aliyetamba katika miaka ya 1980 na 1990, aliifikia nafasi ya 100 duniani mwaka 1995 katika mchezo wa mmoja kwa mmoja. Nafasi hiyo hutajwa hadi leo kama kipimo cha kilele chake, na ni sawa kuitaja hivyo. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba nafasi ya mchezaji hukokotolewa kwa pointi za wiki 52 zilizopita. Pointi zilizovunwa mwaka jana wiki kama hii hufutika wiki hii, zikabadilishwa na za mwaka huu iwapo zipo. Mchezaji asiyekuwa na nauli ya kwenda Tunisia au Ureno kutetea pointi zake ataporomoka bila kushindwa mechi hata moja. Kwa hiyo orodha ya ubora hupima ustadi, na kwa kiasi fulani hupima pia tiketi za ndege. Mchezaji wa Afrika Mashariki hulielewa hili kuliko wengi.

Kuna kanuni nyingine ya tenisi ambayo itatufaa baadaye. Mpinzani akijiondoa kabla ya mechi kuanza, aliyebaki husonga mbele hadi raundi inayofuata, lakini hahesabiwi ushindi. Wala aliyejiondoa hahesabiwi kushindwa. Mpinzani akijiondoa mechi ikiwa imeanza, hata kama ni gemu moja tu iliyochezwa, hapo ushindi huhesabiwa. Tenisi basi inashikilia kwamba pasipo mpira kupigwa hapana mechi.

Soka ina msimamo tofauti. Timu isipofika uwanjani, ile iliyofika hupewa alama 3 na mabao ambayo hakuna aliyeyafunga. Kiswahili kina jina zuri la jambo hili: ushindi wa mezani. Jina lenyewe ni ufafanuzi tosha. Ushindi umepatikana, ila umepatikana penye kalamu na karatasi, mbali na nyasi. Ni nadra msamiati wa michezo kuwa na istilahi iliyo wazi kiasi hiki, na ajabu ni kwamba haikubuniwa na kamati yoyote ya istilahi.

Majina mawili ya Nyanza Kusini

Homa Bay na Migori ziliwahi kuwa wilaya moja kubwa iliyoitwa South Nyanza, makao yake makuu yakiwa mjini Homa Bay. Wilaya hiyo iligawanywa, na baada ya Katiba ya 2010 sehemu zake zikaishia katika kaunti hizi mbili. Eneo hilo limeipa soka ya Kenya majina mawili.

Jina la kwanza ni la mtu. Gor, mwana wa Ogada, alikuwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, katika eneo ambalo leo ni Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay. Aliishi hadi enzi za kuingia kwa ukoloni. Neno mahia katika Dholuo lina maana ya ajabu au maajabu, na masimulizi ya wenyeji yanamweleza kama mtu aliyeweza kujigeuza umbo mbele ya waliomjia, awe mzee, awe mtoto, awe kitu kingine kabisa. Klabu ya Gor Mahia ilipoasisiwa mwaka 1968 ililichukua jina hilo. Tangu mwanzo ilikuwa klabu ya Nairobi kwa makao, lakini jina lake lilitoka Ndhiwa, na mashabiki wake wamesambaa katika Nyanza nzima.

Jina la pili ni la kiwanda. Mjini Awendo, kaunti ya Migori, kuna kiwanda cha sukari cha South Nyanza, ambacho watu hukifupisha kuwa SoNy. Timu ya kiwanda hicho, SoNy Sugar, ilichezea nyumbani katika uwanja wa Green Stadium mjini humo. Wakati Gor Mahia ilibeba jina la Nyanza Kusini hadi Nairobi, SoNy Sugar ilibaki kwao, ikategemea miwa kama wanavyoitegemea wakulima wanaoizunguka.

Ubingwa usio na ushindi

Gor Mahia ilishinda ligi ya Kenya katika mwaka wake wa kwanza, 1968. Hadi mwisho wa msimu wa 2023/24 ilikuwa imeitwaa mara 21, idadi ambayo hakuna klabu nyingine ya Kenya imeifikia. Mwaka 1976 iliimaliza ligi bila kushindwa, na mwaka 2015 ikafanya hivyo tena, safari hii katika mechi 30.

Wapo wanaozilinganisha misimu hiyo miwili na kutaka kujua ni upi bora. Ulinganisho huo una mtego. Mwaka 1976 ushindi ulizaa alama 2. Mwaka 2015 ulizaa alama 3. Timu inayotoka sare mbili katika mfumo wa zamani hupata alama 2, sawa kabisa na inayoshinda moja na kushindwa moja. Katika mfumo wa sasa ya kwanza hupata 2, ya pili hupata 3. Hii ina maana kwamba sifa ya kutoshindwa ilikuwa na thamani moja zamani na thamani nyingine sasa, ingawa maneno yanayoitaja hayajabadilika hata herufi.

Kikombe kikubwa zaidi cha klabu hiyo ndicho kinachodai msomaji makini zaidi. Mwaka 1979 Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikafungwa na Canon Yaoundé ya Kameruni 2–0 jijini Nairobi na 6–0 ugenini. Hapo hapahitaji ufafanuzi. Miaka 8 baadaye ilirudi fainali ya kombe lilo hilo, nahodha akiwa Austin Oduor, mpinzani akiwa Espérance ya Tunisia. Mechi ya kwanza, jijini Tunis, iliisha 2–2. Ya marudiano ilichezwa Desemba 1987 katika uwanja wa Kasarani, uliokuwa umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka huohuo, nayo ikaisha 1–1.

Mwenye kuisoma safu ya matokeo ataona sare na sare. Jumla ya mabao ni 3–3. Hakuna ushindi hata mmoja katika fainali hiyo, na hata hivyo Gor Mahia ndiyo iliyokuwa klabu ya kwanza kutoka Kenya kutwaa kombe la bara. Kanuni iliyoamua ni ya mabao ya ugenini: Gor Mahia ilifunga 2 nchini Tunisia, Espérance ikafunga 1 nchini Kenya. Bao moja, kwa sababu tu ya mahali lilipofungwa, lilizidi bao jingine. Kama kanuni hiyo haingekuwapo, ingebidi kuwe na muda wa nyongeza au mikwaju ya penalti, na hakuna ajuaye yangekuwa yepi. Mashabiki waliokuwa Kasarani siku hiyo hawakuhitaji kufafanuliwa hesabu hii. Walikuwa wakiipiga vichwani kila mpira ulipovuka mstari wa katikati. Ni msomaji wa leo, aliye na jedwali tupu mkononi, anayekwama. Hali yake ni ile ya msomaji wa matokeo ya Wimbledon ya 2022.

Pengo lisiloonekana

Kauli kwamba klabu imeshinda ligi mara 21 ina kasoro ya kila jumla: inazibana nyakati zote zikawa kitu kimoja. Mataji 12 ya Gor Mahia yalipatikana kati ya 1968 na 1995. Mataji 9 yalipatikana kati ya 2013 na 2024. Katikati hamna kitu.

Mashabiki husema walingoja miaka 18, nao hawakosei, kwani kutoka 1995 hadi 2013 ni miaka 18. Lakini anayehesabu misimu iliyopita mikono mitupu, kuanzia 1996 hadi 2012, atapata 17. Tofauti hiyo ya moja imezua mabishano mengi yasiyo na haja. Mmoja anahesabu kungoja, mwingine anahesabu kukosa. Mwaka 2012 ulikuwa mchungu kuliko yote, maana taji liliponyoka siku ya mwisho ya msimu na kwenda kwa Tusker.

Katika kipindi hichohicho kirefu, ndipo jina la pili la Nyanza Kusini lilipong'aa. Ulinzi, timu ya jeshi, ilikuwa imeshinda ligi mara tatu mfululizo, 2003, 2004 na 2005. Mwaka 2006 bingwa akawa SoNy Sugar. Kwa mara ya kwanza kombe la ligi likaenda Awendo. Mtu wa Migori aliyekuwa akiishangilia Gor Mahia tangu utotoni, na ambaye kwa miaka 11 hakuwa ameona taji, alijikuta nyumbani kwao kuna bingwa ambaye hakuwa yule aliyemzoea. Mwaka uliofuata kombe likaenda kwa Tusker, na SoNy Sugar haikulipata tena.

Katika orodha ya mabingwa, mafanikio hayo ni mstari mmoja: mwaka, jina, basi. Taji moja dhidi ya 21 ni kitu kidogo likitazamwa kwa jumla. Likitazamwa kwa mji, mizani hubadilika. Nairobi ina klabu nyingi na wafadhili wengi. Awendo ni mji wa kiwanda kimoja.

Msimu wa 2019/20

Msimu huu ndio unaozikutanisha timu hizi mbili katika jedwali moja kwa namna ya kushangaza kuliko zote.

Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa mfadhili mkuu wa ligi, ilijiondoa. Klabu nyingi ziliyumba. SoNy Sugar, ambayo kiwanda kilichoimiliki kilikuwa na matatizo yake ya kifedha, ilishindwa kufika kwenye baadhi ya mechi. Kanuni za ligi zilisema kwamba timu inayokosa mechi tatu bila idhini hutolewa mashindanoni. SoNy Sugar ilipofikisha idadi hiyo ikatolewa, kabla ya nusu ya msimu kufika, na matokeo ya mechi zake zote yakafutwa. Ligi iliyoanza na timu 18 ikabaki na 17.

Inafaa kutofautisha kufutwa na ushindi wa mezani, kwa kuwa mara nyingi haya mawili huzungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja. Katika ushindi wa mezani mechi ambayo haikuchezwa huandikwa kama iliyochezwa. Katika kufutwa, mechi iliyochezwa huondolewa kama ambayo haikuchezwa. Jambo la kwanza huongeza katika rekodi kisichotokea uwanjani. La pili hutoa kilichotokea. Sababu ya kanuni hii ni ya haki: kama timu nyingine tayari zimecheza na SoNy Sugar na nyingine hazijacheza nayo, kuyaacha matokeo hayo kungeleta upendeleo. Kwa mizani ya ligi, ufutaji ndio uliokuwa wa haki zaidi.

Kwa mizani ya mchezaji, mambo si hivyo. Tuchukue mfano wa kubuni wa kijana wa Uriri au Rongo aliyeingia kikosini msimu huo na kufunga bao lake la kwanza katika ligi kuu, mbele ya watu wa kwao. Wazazi walimwona. Mwamuzi aliandika dakika na nambari ya jezi yake. Kisha bao likafutika pamoja na mechi. Anapotafuta klabu nyingine, kocha wa huko huuliza amecheza mechi ngapi na amefunga mabao mangapi. Kwa jedwali, jibu ni sufuri. Mchezaji wa tenisi ambaye mashindano yake yamesitishwa hubaki na mechi alizokwisha kucheza katika rekodi yake mwenyewe, kwa kuwa rekodi ni yake. Mchezaji wa soka rekodi yake imeshikamana na ya timu, na timu ikizama huzama naye. Si ajabu kwamba katika kadhia kama hii kocha mwenye busara hukunja orodha na kumwambia kijana aje mazoezini.

Ligi nayo haikufika mwisho. Machi 2020 michezo ilisimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na mwishoni mwa Aprili Shirikisho la Soka la Kenya likatangaza kuwa msimu umekwisha na kwamba Gor Mahia, iliyokuwa ikiongoza, ndiyo bingwa. Kampuni iliyokuwa ikiiendesha ligi ilipinga tangazo hilo, lakini taji limebaki katika hesabu, nalo ni la 19 kati ya yale 21. Jedwali lililoamua ubingwa huo lilikuwa na upungufu wa aina mbili: mechi zilizobaki kuchezwa na mechi zilizochezwa zikaondolewa. Jina lililotoka Ndhiwa likawa kileleni. Jina lililotoka Awendo likawa tanbihi chini ya jedwali, na katika nakala nyingine tanbihi yenyewe haipo.

Rekodi na kumbukumbu

Neno rekodi tumelikopa. Neno letu la zamani zaidi katika uwanja huu ni kumbukumbu, nalo limebeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Kumbukumbu za mkutano ni karatasi iliyotiwa sahihi. Kumbukumbu za mtu ni yale aliyoyahifadhi moyoni. Lugha haikuona haja ya kuzitenganisha. Waandishi wa habari za michezo wamelichagua neno la mkopo, pengine kwa sababu linamaanisha karatasi tu na halimdai mtu kukumbuka chochote.

Masimulizi ya Gor mwana wa Ogada hayakuwahi kuwa na jedwali. Hakuna anayejua idadi ya mara alizojigeuza, na hakuna msimulizi wa Kanyamwa anayeona kuwa hilo ni upungufu. Yaliyohifadhiwa ni matukio, na kila msimulizi huchagua atakayoyatanguliza. Huko Awendo, mechi za SoNy Sugar za msimu wa 2019/20 sasa ziko katika hali hiyohiyo. Hazimo katika orodha ya matokeo. Zimo katika mazungumzo ya waliokuwapo, ambao bado wanabishana kama bao fulani lilikuwa la kichwa au la bega, na kama mfungaji alikuwa ameotea.